Mkanda wa Mama Haifa

Muhsin alikuwa na ugonjwa mmoja ambao London nzima haina dawa yake: muhali. Mtu akimjia na shida usoni, ulimi wake hauwezi kusema hapana. Gereji yake ndogo nyuma ya maduka ya Kilburn ilijaa skuta za watu waliolipa kwa dua, na skuta ya mkewe ndiyo iliyosubiri siku zote. Kinyozi hajinyoi, na huyu alizidi.

Ijumaa moja ya baridi, mwaka 2003, aliamua kuishughulikia. Mkewe, Mwatima, aliyeajiriwa na ofisi moja ya kuhudumia wazee majumbani, aliitumia kila alfajiri kwenda Kenton kumhudumia Bi Sushila, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, ambaye hakuweza kushuka kitandani peke yake. Mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma ulikuwa umelika na kufanya nyufa. Muhsin akautoa. Akaisugua klachi kwa msasa, akazifuta puli ambamo mkanda hupita kwa spiriti mpaka zikang'aa, maana mafuta kidogo tu hapo huufanya mkanda uteleze. Mkanda mpya ulikuwa mezani, bado umo ndani ya karatasi yake.

Ndipo akaingia Asad, Mpemba mwenzao wa msikitini, anasukuma skuta ya aina ile ile. Mkanda wake ulikuwa umemkatikia njiani, na sambusa za harusi ya watu Harrow zilikuwa zinapoa sandukuni.

"Muhsin ndugu yangu, leo nshaadhirika," alisema. "Na duka la spea lishafunga mpaka Jumatatu."

Macho yake yakatua mezani. Hata hakuomba. Muhsin, mjinga wa watu, akauchukua mkanda wa mkewe akamfungia mgeni. Kisha akaurudisha ule mkongwe kwenye skuta ya Mwatima, akijidanganya kuwa utafika Jumatatu. Usiku mkewe alipouliza kama mkanda ameshabadilisha, akajibu, "Tayari."

Jumapili alfajiri mkanda ulikatika njiani. Mabasi ya Jumapili ni ya kungojwa, na Mwatima alipofika Kenton alimkuta Bi Sushila sakafuni. Alikuwa amechoka kungoja, akataka kwenda chooni mwenyewe, akaanguka na kuvunjika nyonga.

"Office wamenisuspend kazi mpaka meeting ya Alhamisi," Mwatima alimwambia mumewe jioni ile, macho yamevimba. "Naona job ishakwenda."

"Na mkanda?" Muhsin akauliza.

"Mkanda nao ni kitu, hukatika. Wewe umefanya kazi yako, Baba Haifa."

Maneno hayo yalimuuma kuliko matusi. Afadhali angemlaumu. Kila walipokaa kula Muhsin alikusudia kusema, akafungua kinywa, akaomba chumvi. Alijiona mwizi ndani ya nyumba yake, na mwenye mali ndiye anayempakulia wali.

Jumatano Asad akabisha hodi, halua mkononi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huyu alikawia kwenda kufungua. Alitaka kusema neno kabla ya mgeni, na kama kawaida yake akachelewa.

"Shemeji, hii yako," Asad alisema, anamkabidhi Mwatima halua. "Siku ile mumeo kanisitiri. Kanifungia ule mkanda wako mpya, na harusi ya watu ikapata sambusa."

Mwatima alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa, akakiweka mbele ya mgeni.

"Karibu, shemeji," akasema. "Ongeza sukari kama haitoshi."

Hakumtazama mumewe. Muhsin akamshikilia Asad kwa kikombe cha pili, kisha cha tatu, akamuuliza habari za watu asiowajua, akiogopa kubaki peke yake na mkewe. Hatimaye Asad akaaga.

Mwatima akaanza kukusanya vikombe.

"Kesho ntakwenda na wewe kwenye meeting," Muhsin alisema. "Ntawambia kosa ni langu. Skuta ilikuwa mbovu na mie nilijua."

"Skuta ipi?" Mwatima akauliza. "Mie niliwambia nilipitiwa na usingizi. Ningetaja skuta wangeuliza fundi nani, na wiki iliyopita nlikuombea office wakupe wewe kazi ya kutengeneza skuta zao zote."