Kadi Mbili, Anwani Moja

"Sogeza kitambulisho karibu na shavu," mkutubi alisema. "Sasa geuka kidogo kushoto, dada."

Kwenye kioo cha kompyuta, mwanamke aliyepiga simu ya video alisita, kisha akageuka. Chini ya jicho palikuwa na uvimbe ulioanza kunywea. Mkutubi alijifanya hakuuona. Tangu maktaba ianze kuandikisha watu kwa simu, alizoea kuingia majumbani mwa watu bila kubisha hodi: vitanda visivyotandikwa, watoto wanaolia, sufuria motoni. Huyu alikaa sakafuni, nyuma yake ukuta mtupu.

"Anwani iliyoandikwa hapo siyo ninapokaa sasa," mwanamke alinong'ona. "Nilitoka. Nina mtihani wa uuguzi, na vitabu vyangu vilibaki kule."

"Usijali, mdogo wangu. Kadi yako ya maktaba imepita."

Mchana alipiga simu mwanamume mmoja, nywele zimechanwa vizuri, sauti ya taratibu.

"Pole na kazi, mama."

Kitambulisho chake kilikuwa halali, uso ulikuwa ule ule wa kwenye picha. Mkutubi alipoanza kuandika anwani, aliisoma mara ya pili. Mtaa ule ule wa yule mwanamke. Nyumba ile ile.

"Nadhani mke wangu naye amejiandikisha kwenu," alisema. "Anapenda sana vitabu. Huwa anakuja saa ngapi?"

"Habari za wanachama hatutoi, baba."

"Sawa kabisa." Alitabasamu. "Nitakuja mwenyewe. Si nitakuwa na kadi?"

Mkutubi hakuwa na sababu ya kumnyima kadi. Alibonyeza kitufe cha kukubali, kisha akampigia yule mwanamke.

"Usije huku. Vitabu nitakufungulia kwenye simu. Na hata mimi usiniambie unakaa wapi. Naogopa uso wangu utasema."



"Amekuja?"

"Bado."

Kesho yake mwanamume alikuwa wa kwanza kuingia. Alimsalimu mlinzi kwa adabu, akachagua meza inayotazama mlango, akafungua kitabu. Asubuhi nzima hakugeuza ukurasa. Kila mlango ulipolia aliinua macho.

Kwenye kompyuta, kando ya jina la mwanamke, palikuwa na nukta ya kijani. Alikuwa anasoma kwenye simu. Ukurasa wa tisa. Wa kumi.

Mwanamume alifunga kitabu, akainuka, akaanza kuja kaunta bila haraka. Mkutubi aligeuza kioo cha kompyuta kikatazama ukuta, akaiweka mikono yake juu ya meza, akamngojea.