Shahada ya Mawe na Maji

Tangazo lilipofika kwenye simu zetu, Annika Terpstra alikuwa anapiga mswaki. Alisoma, akatema povu, akasoma tena. Chuo chetu cha Thornquist, kilichozungukwa na mashamba ya mahindi ya Iowa, kilikuwa kinafunga shahada tatu: Kijerumani, tamthilia na jiolojia. Waliokwisha kujiandikisha wangemaliza. Sisi wa mwaka wa pili tulikuwa bado. Kwetu mtu huonja kwanza, falsafa kidogo, takwimu kidogo, uchoraji kidogo, kisha huchagua shahada yake theluji ikianza kuyeyuka. Theluji ilikuwa bado imejaa madirishani.

"Si uchague nyingine?" nilimwambia. Mimi Corliss, wa muziki, ndiye niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja. "Zimebaki tele, shoga."

"Nichague kama viatu vya mnada? Kinachokuingia ndicho hicho hicho?"

Nilijua kwa nini alitaka jiolojia tu. Kwao ni wakulima. Kisima cha nyumbani kiliingiwa na mbolea ya mashamba, maji yakawa hayafai hata kumchanganyia mtoto maziwa. Baba yake akachimba kingine, kikatoka kikavu. Akachimba cha tatu, kikavu vilevile. Annika alisimama pale akiwatazama wanaume wazima wakibahatisha ardhi kama watu wanaopapasa swichi gizani, na akajiambia kwamba yeye hatabahatisha. Atajua.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mkuu wa Taaluma, Dkt. Priscilla Huddleston. Nilimsindikiza nikabaki mlangoni, na mlango haukufungwa sawasawa.

"Masomo ya mazingira yangekufaa sana," Dkt. Huddleston alisema. Hakuwa mtu mbaya. Usoni alionekana hajalala vizuri tangu Krismasi.

"Nimeangalia kozi zake, Profesa. Kuna sera, kuna maadili, kuna fasihi ya nyika. Ni nzuri. Lakini hakuna hata moja inayoshuka chini ya ardhi."

"Annika, darasa la miamba la mwaka wa tatu lina watu wanne."

"Mimi ningekuwa wa tano."

Mama yule alicheka bila kutaka. Kisha akasema, "Ipo njia moja. Kanuni zetu zinamruhusu mwanafunzi kujitungia shahada yake mwenyewe. Anakusanya kozi kutoka idara mbalimbali, anaonyesha zinavyoshikana, na maprofesa wawili wa idara tofauti wanamdhamini mbele ya kamati. Wengi huanza, wachache hufika. Na wewe mdhamini wako wa kwanza anaondoka."

Aliyekuwa anaondoka ni Profesa Odell Fairbairn, mwalimu pekee wa jiolojia aliyebaki. Tulimkuta chini ya jengo la sayansi akifunga mawe yake kwa magazeti na kuyapanga kwenye makasha.

"Hapana," mzee alisema, Annika alipomaliza kueleza. "Nimepigana na kamati hizi nusu ya maisha yangu, binti. Sasa nataka kupanda tofaa na kugombana na kulungu."

"Basi usinidhamini. Njoo tu unitazamie shimo."

"Shimo gani?"

"La baba. Yako mawili, yote makavu. Mabaki ya kuchimba bado yamelundikana pale."

Mzee alishika jiwe mkononi muda mrefu, kisha akalitia kashani. "Jumamosi," alisema. "Na usidhani umenipata."

Jumamosi tulikwenda kwa pikapu yake, matope hadi kwenye madirisha. Baba yake Annika, mtu wa maneno machache, alitupa kahawa na mkate wa mdalasini, akatuongoza nyuma ya ghala. Fairbairn alipiga magoti kwenye theluji kama mtu wa kusali. Akachota udongo wa lundo la kwanza, akausugua kati ya vidole, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi.

"Anakula?" baba yake Annika aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nadhani anasoma," nilisema.

Mzee alikwenda lundo la pili, akarudi la kwanza. Mgongo wake ulinyooka. Alianza kusema haraka, mikono ikichora hewani. Zamani sana, alisema, kabla barafu kuu haijashuka kutoka kaskazini, mto ulipita chini ya malisho yale. Barafu ikaufukia. Mchanga na kokoto za mto ule bado ziko chini, zimeshika maji, na juu yake kuna udongo wa mfinyanzi mzito ambao mbolea haiupenyi. Mashimo yote mawili yalikuwa yamegonga ukingo wa mwamba, nje ya mto.

"Kwa hiyo tulikosea," baba alisema.

"Mlikosea kidogo tu. Sogeeni upande wa ile miti ya mierebi."

Tulirudi kuelekea chuoni mpaka tukayaona maghala ya nafaka ya mjini. Hapo Fairbairn akanguruma: "Nitatia saini ya udhamini, na nitakuja mara mbili kwa wiki. Bila mikutano. Ukiniita kwenye mkutano wowote, nakukana."

Mdhamini wa pili alikuwa shida zaidi. Huwezi kusoma maji bila kemia, na Annika alikuwa ameikimbia kemia mwaka wa kwanza, katikati ya muhula. Mwalimu wake wa kemia, Profesa Yolanda Castañeda, hakuwa amesahau.

"Wewe ndiye uliyeacha koti la maabara juu ya kiti ukaondoka."

"Ndiyo mimi."

"Kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini. Nipe kozi ya kiangazi, ile ngumu. Nikianguka, jitoe, nami sitalalamika."

Castañeda alimtazama juu ya miwani. "Wenzako watakuwa ziwani wanaogelea."

"Mimi sijui kuogelea."

"Mwongo," nilimwambia tulipotoka. Alikuwa bingwa wa shule yao.

Kamati ilikaa Aprili, siku chache baada ya baba yake kuchimba upande wa mierebi na kupata maji safi. Nilidhani habari hiyo ingemaliza kazi. Badala yake ilimgeukia. Profesa mmoja wa uchumi aliuliza, kwa upole wa paka, "Kama Profesa Fairbairn aliweza kuyaona hayo kwa mchana mmoja, wewe shahada ya nini? Si tumpigie simu yeye?"

Annika alikuwa amesimama, mikono nyuma, na mimi nikiwa nimeketi nyuma yake. Alijibu moja kwa moja.

"Kwa sababu yuko mmoja, na ana miaka sitini na sita. Jirani zetu wote wana visima. Nyinyi mnasema chuo hiki kinamfundisha mtu kufikiri. Nimekuja na swali langu la kufikiria. Kozi za kulijibu zote ziko hapa, ila zimetawanyika: maji yako kwa kemia, ramani ziko kwa historia, mahesabu yako ghorofa ya juu. Siombi mfungue idara. Naomba mniruhusu nipite kwenye milango iliyo wazi tayari."

Walipiga kura. Alishinda kwa kura moja, na kwa sharti: asipofaulu kemia kiangazi kile, mpango mzima ufutwe.

Idara ya jiolojia haikurudi. Makasha ya Fairbairn yalibebwa Mei, na chumba chake kikapewa watu wa kukitangaza chuo. Nilikwenda nyumbani Dubuque kwa likizo. Annika alibaki bwenini peke yake na joto la Julai. Aliniambia kwa simu kwamba mtihani wa kwanza ameanguka. Wa pili pia. Hakuwa akilia, alikuwa na hasira, na hasira za Annika ni kama trekta: polepole, lakini hazirudi nyuma. Kila alasiri alikuwa mlangoni kwa Castañeda na maswali yaleyale mpaka mama wa watu akawa anakuja na chakula cha wawili.

Mwezi wa nane nilimfuata kumsaidia kuhama chumba, nikamkuta Castañeda akimkabidhi karatasi ya mwisho. Alama ilikuwa C. Ilitosha, lakini kwa shida.

"Umefaulu," Castañeda alisema. "Umeridhika?"

Annika aliikunja karatasi akaitia mfukoni. "Hapana. Kozi inayofuata inaanza lini?"

"Jumatatu. Ni mbaya kuliko hii."

"Niandikishe," alisema, akanyoosha mkono kulichukua koti la maabara.