Picha Bila Miguu Haitumwi

Jumamosi saa kumi alasiri, baada ya kutoka kwenye ghala la viatu anakopanga maboksi, Kabanyana aliketi jikoni kwake Louisville, Amerika, kurekebisha picha ya ayala. Ayala ndilo jina alilofundishwa kanisani. Majirani wana lao. Mnyama huyo, dume mwenye pembe za matawi sita, alikuja kila alasiri nyuma ya majengo kula maua ya watu, naye Kabanyana alimpiga picha kwa simu kwa ajili ya kalenda ya kwaya.

Picha ilikuwa na kasoro mbili. Pipa la takataka lilionekana kulia, na kwato zilikuwa zimekatwa. La pipa lilivumilika. Lakini kwao, tangu milimani hadi kambi ya wakimbizi, picha isiyoonyesha miguu haitumwi kwa mtu. Uende studio na viatu vya kuazima ili vionekane, halafu mpiga picha akukate magotini? Ni matusi hayo. Kabanyana aligusa ukingo ili aliondoe pipa, kidole kikateleza, kikavuta nje badala ya ndani. Picha ikafuata. Akauvuta ukingo wa chini, kwato nne zikatokea, zina tope kidogo.

Alipoona inavutika, aliendelea. Nani angeacha? Nyuma ya pipa ilitokea barabara kuu, kisha mashamba ya mahindi, kisha Columbus, mtaa wa chuo kikuu, ambako bintiye Umuhoza, anayeapa kila siku kwamba anakula vizuri, alikuwa akila mkate mkavu amesimama.

"Mama, please," alisema Umuhoza, akafunga pazia.

Kabanyana alicheka mpaka akashika meza. Akavuta tena, juu kulia, ikaja Buffalo, na kando yake Cheektowaga. Huko kaka yake Ndahiro, aliyesema yuko kanisani kwenye mazoezi, alikuwa amelala kwenye kochi, sahani ya sambusa kifuani.

"Bon, dada," alisema Ndahiro akifungua jicho moja, "na hii tumbo uikate kidogo."

Aliikata kidogo. Tangu siku hiyo suruali za Ndahiro zinafungika bila ugomvi.

Ayala naye aliridhika. Kesho yake alikuja akasimama mwenyewe katikati, kifua mbele, kwato zote nne juu ya zege, akiikodolea simu kama bwana harusi. Kabanyana akampiga picha moja tu, ikatosha. Kisha akawaza kwamba ikiwa kwato zilirudi, basi… Akaenda kufungua sanduku.

Alitoa picha ya faili la kuhamia Amerika, iliyopigwa kambini miaka kumi na mmoja iliyopita. Watu sita wamesimama mstari mmoja. Kabanyana yuko mwisho, na begani mwake upo mkono wenye bangili ya shanga. Ni mkono wa mdogo wake, Uwineza. Mpiga picha wa ofisi alisema fremu imejaa. Faili likahesabu waliomo, sita wakaja Amerika, na mkono ukabaki kambini na mwenyewe. Kila barua ya Kabanyana ilijibiwa kwa heshima kwamba mkono si mwanafamilia. Miaka yote hiyo anamtaka mdogo wake, na hajachoka kumtaka.

Aliipiga picha hiyo kwa simu, akavuta ukingo wa upande huo taratibu. Bangili ikaleta kiwiko, kiwiko kikaleta bega, na Uwineza akatoka mzima, amevaa viatu vyeusi vya kuazima. Wengine pichani walikuwa vijana. Yeye alikuwa na mvi, kwa sababu nje ya ukingo miaka ilikuwa imeendelea kupita. Alikuwa anacheka. Kabanyana alicheka na kulia kwa pamoja, akaizunguka meza mara tatu akipiga vigelegele. Ayala aliposikia shangwe alichungulia dirishani, kisha akaingia pichani na kusimama pale alipozoea.

Jumatatu, kwenye ofisi ya uhamiaji, afisa alimtambua Uwineza mara moja. Alivisifu viatu, akazisifu na pembe. Akaeleza kwamba faili hupokea picha ya kipimo kile kile cha mwanzo, si zaidi, akaitia kwenye mashine. Mashine ikakata pembeni, upande aliosimama Uwineza.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Iliipongeza familia kwa kutimia saba. Ayala alipewa kadi yenye picha yake, miadi ya chanjo na fomu ya darasa la Kiingereza. Huja kila Jumamosi kuchukua barua zake, na kwaya imeshamweka kwenye sauti ya nne. Ni mpole, hana neno na mtu, na Kiingereza chake kinaendelea vizuri.

Kabanyana alimpigia Uwineza kumweleza. Uwineza alicheka sana, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza:

"Ule nyama alisimama wapi?"

"Katikati," alisema Kabanyana. "Miguu yake yote ine inaonekana."

"Donc," alisema Uwineza, "hata mimi nilivaa viatu."