Makovu ya Lien

Ko, ko, ko. Fimbo ya Maman Andrée ilikuwa ikishuka ngazi, na Mauwa hakuwa na pa kukificha kioo.

Kilikuwa kimoja kati ya vioo mia mbili alivyokabidhiwa, negativu za picha za mwaka 1911. Lien, bibi yake Andrée, alifungua studio barabara ya Ixelles enzi ambazo wanawake wengi waliingia studio kupigwa picha, si kupiga. Andrée, mzaliwa wa Likasi aliyezeekea huku ng'ambo, hapa Ganshoren, alitaka kuliona jina hilo kwenye maonyesho kabla hajafa. Mauwa, mpiga picha kutoka Lubumbashi, alikuwa akivisafisha vioo hivyo. Alishaonywa: kosa moja tu, masanduku ya vioo yanarudi juu.

Na kosa lenyewe ndilo hili. Kwenye picha ambayo Lien alijipiga mwenyewe, ileile ambayo nakala yake ya zamani imetundikwa ukutani kwa Andrée, Mauwa aliona ukungu wa kijivu mashavuni, akadhani ni masizi, akaupangusa kwa pamba na spiriti. Yeye, anayeshinda kwenye kompyuta akilainisha nyuso za maharusi, hakukumbuka kwamba wenzake wa zamani walifanya kazi ileile kwa penseli, juu ya kioo. Penseli ilipotoka, yakajitokeza makovu ya ndui, uso mzima.

Andrée alifika, akauona uso ule kwenye skrini ya kompyuta, ambamo Mauwa alikuwa amekinakili kioo. Mauwa akaeleza yote bila kupunguza neno.

Mzee alivaa miwani, akakaa. Hakuwahi kumwona bibi yake akiwa hai. Nyumbani, alisema, walisimulia kwamba Lien hakukubali maisha yake yote kupigwa picha na mtu mwingine. Wakadhani ni maringo.

"Bon, angekuwa hapa angekupiga kofi."

"Mawili, maman."

Andrée alitaka kucheka, akajizuia. Aligusa skrini kwa kidole, shavuni.

"Yeye aliuficha uso wake. Weye umemufunua bila kumuomba ruhusa. Na mimi, donc, ndiyo nimemuona leo." Akavua miwani. "Masanduku yabaki. Lakini watu wa maonyesho wataona sura gani?"

Mauwa alikiinua kioo kwa mikono miwili, akamkabidhi.

"Wataona ile iko ukutani kwako, aliyoitengeneza yeye mwenyewe. Hii ya makovu nitakuchapia nakala moja, ya kwako tu. Ya pili haitatoka, maman. Nakuahidi."