Mnunuzi Aliyepandisha Bei

Metro Worobetz alikuwa mtu wa kubana senti. Mjini kwao, pale kwenye nyanda za ngano za Saskatchewan, wauzaji walipomwona akishuka garini walikumbuka ghafla kwamba wana kazi stoo. Trekta, mbegu, waya wa seng'enge, hata jeneza la mama yake, vyote alivinunua kwa kubishana, na aliyemuuzia alibaki akijiuliza kama faida aliipata au aliiota. Sasa mtu huyo huyo alikuwa amekaa mbele ya yadi ya magari, Jumatatu alasiri, mikono kwenye usukani wa pikapu isiyo yake, akiomba moyoni auziwe ghali.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya kijivu, gari la maonyesho. Ni gari jipya la yadi ambalo muuzaji hupewa alitumie, aende nalo dukani, kanisani na shuleni kwa watoto, ili watu walione na kulitamani. Likishatembea kiasi, linauzwa kwa punguzo. Hili lilikuwa mikononi mwa Darlene Pidskalny tangu theluji ya mwaka jana ilipoyeyuka, naye hakuwa na gari jingine. Darlene alikuwa binti wa marehemu Petro. Petro na Metro walimiliki pamoja mashine moja ya kuvunia miaka mingi bila kugombana, jambo ambalo kwa wakulima wa huko ni zaidi ya undugu. Binti huyo alimwita Metro mjomba, na mkewe Mama Slavka, tangu hajaota meno.

Ijumaa walikuwa wamebishana vizuri.

"Elfu hamsini na nane?" Metro alisema, akilipiga tairi teke. "Darlene mwanangu, umeshaizungusha hii jimbo zima."

"Kilomita elfu kumi na moja tu, mjomba. Ndiyo kwanza imeamka."

"Na harufu ya chipsi za watoto wako nayo nainunua?"

"Hiyo nakupa bure."

"Dola elfu hamsini, tumalize."

"Kwa elfu hamsini nakuuzia milango na kofia ya yadi."

Kisha Darlene akaingia kwa meneja wake, Garth, kwenye chumba cha vioo, kama desturi ilivyo. Mchezo ule kila mnunuzi anaujua: muuzaji anakwenda kumbembeleza bosi, anaonekana kwenye kioo akijikuna, bosi anatikisa kichwa kwa uchungu, kumbe pengine wanazungumzia mechi ya magongo ya jana. Akarudi na hamsini na sita. Wakasukumana mpaka hamsini na nne, wakaishia hapo kwa siku hiyo, na Darlene akamrushia funguo.

"Kaa nayo mpaka Jumatatu. Mama Slavka aipande, aizoee. Sharti moja tu, mjomba, usivute kitu nayo. Gari la maonyesho likivuta mzigo, kiwanda kinakataa waranti ya giaboksi."

"Nivute nini mimi?" Metro alisema.

Jumamosi alivuta ndama.

Pikapu yake kuukuu ilikuwa imekufa, na mnada wa mwisho kabla ya theluji ulikuwa siku hiyo. Jirani yake Babiuk alijitolea kuwapeleka ndama, lakini Metro alimkatalia, kwa sababu Babiuk akikusaidia Jumamosi, Jumapili parokia nzima imeshajua kwamba huna gari. Basi akafunga tela nyuma ya pikapu ya kijivu, akawapakia ndama mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa na bega. Mambo yalikwenda sawa mpaka walipoanza kupanda kutoka bonde la mto. Katikati ya mwinuko taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ikafuata harufu ya oili inayoungua. Mtu mwenye akili angesimama. Metro alitazama saa, akaufikiria mnada, akakanyaga mafuta. Ndama waliuzwa kwa bei nzuri sana. Na njia yote ya kurudi, kila pikapu ilipotoka gia ya tatu kuingia ya nne, ilishtuka kama mtu aliyepigwa kofi la mgongo.

Jumapili aliiosha, akamaliza, akaiosha tena. Mkewe Slavka alitoka nje akamkuta amepiga magoti nyuma ya pikapu, akisugua pale pa kufungia tela kwa mswaki wa zamani.

"Utamwambia?" Slavka aliuliza.

"Nitamwambia."

"Mtakubaliana bei kwanza, au utamwambia kwanza?"

Metro alisema sabuni imekwisha.

Basi hiyo Jumatatu alikuja na maneno yake tayari, ameyapanga njia nzima. Lakini Darlene alitoka yadini mbio mbio akiwa na koti begani, akafungua mlango wa dereva.

"Sogea huko, mjomba. Niiendeshe mara ya mwisho, nimeshaizoea."

Wakazunguka ghala za nafaka, wakaishika barabara kuu. Gia ya pili, ya tatu, kisha lile kofi. Darlene akatega sikio. Akapunguza mwendo, akaongeza tena, ikashtuka vilevile. Akaegesha pembeni ya barabara na kuiacha injini ikinguruma.

"Umeisikia?"

Hapo ndipo pa kusema, na Metro alifungua mdomo.

"Ni mimi," Darlene akasema. "Mwezi wa nane niliitumia kuvuta boti ya kaka yangu mpaka ziwani. Marufuku, najua. Nikasema ni mara moja tu, nani ataona? Sasa hii hapa."

"Boti gani?"

"Ile yake ya kuvulia samaki."

Boti ile Metro aliifahamu. Watu wawili waliweza kuiinua hata wakiwa wamelewa. "Haiwezi kuwa boti," alisema, na alisema kweli, ila kweli yenyewe aliikatia katikati.

"Usinitetee, mjomba. Ukinitetea naumia zaidi."

Metro alijiambia atasema wakifika yadini, wakikaa, watu wakitulia. Lakini aibu ilikuwa imeshampanda mpaka masikioni, na sasa kusema kulikuwa kugumu kuliko dakika moja iliyopita, kwa sababu ile dakika moja nayo ingebidi aieleze.

Walipokaa mezani, Darlene akaikata ile hamsini na nne kwa kalamu.

"Nakupa kwa elfu hamsini."

"Tulisema hamsini na nne."

"Hiyo ilikuwa bei ya gari zima."

"Basi hamsini na tano," Metro alisema.

Darlene akamtazama. "Mjomba, unaumwa?"

"Hamsini na tano na nusu. Vyuma vimepanda siku hizi."

"Arobaini na tisa. Giaboksi ikifa utailipa mwenyewe, na mimi sitaki Mama Slavka anikatie jicho kanisani. Kamisheni yangu naitia humo humo."

"Kamisheni yako usiiguse."

"Arobaini na nane, basi, kwa sababu ya ubishi wako."

Muuzaji wa meza ya pili alikuwa ameacha kutafuna donati. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mnada unaokwenda kinyumenyume, tena na Metro Worobetz ndani yake.

"Ngoja nikamwambie Garth," Darlene akasema, akainuka.

"Ukamwambie nini?"

"Ukweli. Lazima iandikwe kwenye karatasi kwamba ilivuta mzigo. Siwezi kukuuzia kitu nikakuficha, mjomba. Wewe tena?"

Akaingia kwenye chumba cha vioo, na mara hii haukuwa mchezo. Hakujikuna. Alisimama wima, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Garth hakutikisa kichwa. Alivua miwani, akaiweka mezani, akawa anasikiliza. Baadaye Darlene alitoa kitu mfukoni, funguo za akiba za pikapu, akaziweka karibu na ile miwani.

Kutoka kiti cha Metro mpaka mlango ule palikuwa na hatua chache tu. Ni kweli mnunuzi haingii mle, si desturi. Lakini hakukuwa na kufuli. Metro alishika kikombe cha kahawa ya yadi, ile inayochemka tangu asubuhi, akajiambia akiimaliza anaingia. Miaka yote alikuwa akiitukana kahawa ile. Siku hiyo aliinywa kidogo kidogo, kwa heshima, na kikombe kilipoisha akaenda kuongeza.

Darlene alirudi macho mekundu, amevaa tabasamu la kazi.

"Arobaini na nane. Amekubali."

"Na wewe?"

"Kazi ninayo. Gari la maonyesho sipewi tena, nitafute langu." Akamsogezea kalamu. "Saini hapa, mjomba. Na hapa."

Metro akasaini. Mkono ulikwenda wenyewe. Ulishazoea kusaini bei nzuri.

Karatasi zilipokwisha, yadi ilikuwa inafungwa. Darlene alisimama mlangoni na mkoba wake, akatazama mahali alipokuwa akiegesha kila siku.

"Mjomba, nitakuomba lifti."

Pikapu ilishtuka mara ya kwanza walipopita kanisa.

"Samahani, mjomba," Darlene akasema.

Ilishtuka tena mbele ya kiwanda cha maziwa. "Samahani." Baada ya hapo Metro aliendesha kwa gia ya tatu, polepole, injini ikilalamika, na trekta moja ikawapita, dereva wake akigeuka kuwashangaa.

"Endesha tu," Darlene akasema. "Usiionee huruma. Kuiharibu nimeshaiharibu."

Nyumbani kwake aliomba asubiri kidogo. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya bitiruti za siki, ambazo Slavka alizipenda, akampa Metro kupitia dirishani.

"Ya Mama Slavka. Mwambie naona haya, nitakuja mwenyewe kuomba radhi." Akaweka mkono juu ya mlango. "Ulisikia kabisa kwamba gari ni bovu, na bado ukawa unapandisha bei ili nisiumie. Nilikuona, usidhani sikuona. Baba alikuwa akisema Metro anabana senti, moyo habani."

Hapo Metro akashindwa. Angeweza kuvumilia kulaumiwa wiki nzima, lakini si kusifiwa kule.

"Nilivuta ndama," alisema.

"Nini?"

"Jumamosi. Nilivuta ndama kwenda mnadani. Taa iliwaka pale bondeni, sikusimama. Ijumaa ulinipa gari zima, Darlene. Boti haikufanya kitu."

Darlene hakuondoa mkono mlangoni. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa akiita mama, naye hakuitika.

"Nilipokuwa kule kwa Garth," alisema polepole, "ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Metro aliiweka chupa mapajani.

"Nilikuwa nakunywa kahawa."

Darlene akaitazama ile chupa mapajani mwake. Metro aliiinua amrudishie.

"Mpelekee," Darlene akasema. "Yeye hajanikosea kitu."

"Kesho naingia kwa Garth mwenyewe. Nitamwambia yote, nitalipa zote hamsini na nane, nitamwambia akurudishie—"

"Utamwambia, ndiyo. Yadi inafunguliwa saa mbili. Unipitie saa moja na nusu, maana sina usafiri." Akaondoa mkono. Hakupandisha sauti, Metro alitamani sana angepandisha. "Nenda salama, Bwana Worobetz."

Hakuwahi kumwita hivyo, hata siku moja. Alipanda ngazi zake bila kugeuka, mlango ukafungwa kwa kawaida, na taa ya jikoni ikawaka. Metro alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, chupa katikati ya mapaja, akakanyaga mafuta kuelekea nyumbani. Pikapu ikashtuka ilipoingia gia ya nne, na mara hii hakuna aliyesema samahani.