Zamu ya Oola

Sajini Lamunu alifika mahali pa ajali Jumanne, saa moja na dakika hamsini asubuhi, akapima kila kilichopimika. Alama za breki zilikuwa mita ishirini na sita, juu ya lami kavu. Kutoka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu hadi pale mwanamke alipolala, mita tisa. Gari lilikuwa la kukodi, la kijivu, kioo cha mbele kimepasuka upande wa kushoto. Mwanamke aliitwa Nangila, Mkenya wa miaka thelathini na minne, mfanyabiashara wa viatu vya mitumba katika soko la Owino. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Kwenye usukani alikuwa ameketi dereva mrefu aitwaye Oola. Alikiri kabla hajaulizwa.

Nangila alimtazama Oola kutoka kwenye machela.

"Afande, huyu si yeye," alisema. "Aliyenigonga ni mfupi, ana kofia nyekundu. Alishuka, akaniangalia, akapiga simu, akaenda zake. Huyu ameletwa na boda."

Lamunu aliandika hayo pia. Watu wawili waliokuwa wameona walikataa kutaja majina yao. Mmoja alikuwa na duka hatua ishirini kutoka hapo, akasema alikuwa ameangalia upande mwingine.

Lamunu alikuwa amefanya kazi ya usalama barabarani miaka kumi na mmoja, na mchezo huo aliujua. Steji ya magari ya kukodi nyuma ya soko la Kamwokya iliuita kusaidiana. Dereva mwenye kosa la zamani akigonga mtu, hupiga simu stejini. Mwenzake asiye na kosa lolote hukimbia akakae kwenye usukani kabla polisi hawajafika. Huyo hukiri, hutozwa faini ndogo kwa kuwa ni kosa la kwanza, na kesho yake wote wawili wako barabarani. Lamunu alikuwa amepeleka mbele mafaili manne ya aina hiyo. Hakuwa na ushahidi, akatia sahihi.

Gari la kijivu huendeshwa kila siku na kijana aitwaye Kidega. Mwaka uliopita mahakama ilimtia hatiani kwa uendeshaji wa hatari, ikamwonya kwamba kosa la pili litamnyang'anya leseni. Kidega ni mfupi. Kofia yake nyekundu inajulikana Kamwokya nzima. Lakini kofia si ushahidi, na faili lilitakiwa kwa mwanasheria wa serikali Ijumaa.

Jumatano Lamunu alikwenda hospitali kuchukua maelezo zaidi. Mguu wa Nangila ulikuwa umening'inizwa kwa vyuma.

"Kwa hiyo Ijumaa itaandikwa ni yule mrefu?"

"Nisipopata kingine, ndiyo."

"Na huyu wa kofia atarudi barabarani."

"Wala hajatoka barabarani," Lamunu alisema. "Leo asubuhi nimemwona Kabalagala na gari la mtu mwingine."

"Steji wamemtuma mtu hapa, mwenyekiti wao. Amesema watalipa hospitali, nisahau sura. Nimemwambia sura siwezi kusahau, hata nikitaka. Afande, mimi nataka aliyenigonga ndiye aandikwe. Basi. Nikipona nitavuka pale pale kila siku."

Lamunu hakuahidi kitu. Alifunga daftari, akapanda boda kurudi kituoni. Njiani alifikiria maswali ambayo angeweza kuwauliza madereva, na jibu ambalo wangempa kwa kila swali. Walikuwa wamekwisha kukubaliana nani aliendesha. Kuuliza hilo ni kupoteza asubuhi. Karibu na kituo alikumbuka foleni.

Stejini kuna daftari. Kila dereva akifika alfajiri, mwenyekiti Odyek humwandika: namba, jina, namba ya gari, na baadaye saa aliyotoka na abiria. Anayeruka zamu hufungiwa wiki mbili. Lamunu aliwahi kuitwa mara mbili kuamua ugomvi wa foleni hiyo, mara moja mtu akiwa amevunjwa meno. Hajawahi kuitwa kwa sababu ya mtu aliyeendesha vibaya.

Alhamisi saa nne asubuhi alikuta madereva wanane wakicheza ludo juu ya boneti. Odyek, mtu mnene mwenye miwani, alikuwa amekalia kreti, daftari chini ya paja. Kidega alikuwa pembeni, bila kofia, anafuta kioo cha gari lisilo lake.

"Afande Lamunu! Karibu, nyabo, karibu mama," Odyek alisema. "Mambo ya Oola si yameisha? Amekubali mwenyewe."

"Yameisha. Nimebakiza kitu kidogo cha kujaza." Alikubali kreti aliyopewa, akakaa. "Kidega alikuwa wapi wakati Oola anaendesha gari lake?"

"Alikuwa mgonjwa. Tumbo. Akampa mwenzake gari."

"Alfajiri, kabla ya foleni?"

"Hapana, hapa hapa. Abiria wa kwanza alikuja, tumbo ikamshika, Oola akaenda."

"Sawa. Oola, siku hiyo kwenye foleni ulikuwa wa ngapi?"

Oola alimtazama mwenyekiti. "Wa tano."

"Na kwenye maelezo yako ulitoka saa moja na dakika ishirini. Wa pili, wa tatu na wa nne walikuwa wameshatoka?"

Dadu ilibaki mkononi mwa aliyekuwa anataka kuirusha.

"Wa nne alikuwa nani?" Lamunu aliuliza, bado anaandika.

"Mimi," alisema Onen, dereva mzee kuliko wote, mwanajeshi mstaafu. Aliinuka polepole. "Mimi, nilikaa hapa mpaka saa mbili na nusu. Oola, wewe uliniruka?"

"Muzee, ngoja."

"Naambiwa ngoja! Miezi miwili nalia hapa kuna watu wanaruka, mnasema muzee macho imeharibika. Kumbe ni wewe!"

"Onen, kaa chini," Odyek alisema. "Hii ni ya afande, tutaongea."

"Wiki mbili! Sheria ni wiki mbili, au sheria ni ya watu maskini peke yao?"

"Ndiyo, wiki mbili!" alidakia wa ludo aliyeshika dadu. "Mimi mlinifungia nikiwa na mtoto mgonjwa!"

Oola alisimama. Alikuwa mrefu kweli, na uso wake, ambao Jumanne haukuonyesha chochote, sasa ulikuwa umeloa jasho.

"Sikuruka mtu! Mungu anaona! Nilikuwa hapa nakula roleksi yangu ya chapati na mayai, muzee, wewe mwenyewe uliniomba chumvi! Sijatoka mpaka simu imeingia!"

"Leta daftari," Onen alisema. Hakungoja kuletewa. Alilivuta kutoka chini ya paja la mwenyekiti, akalifungua, akamwekea Lamunu mapajani, kidole chake juu ya mstari. "Soma, afande. Soma kwa sauti, wasikie."

Lamunu alisoma. Wa kwanza, Kidega, gari la kijivu, ametoka saa moja na kumi na nane. Wa nne, Onen, saa mbili na nusu. Wa tano, Oola: nafasi ya saa ilikuwa tupu, na mbele yake Odyek alikuwa ameandika kwa mwandiko wake safi, "Ameitwa. Zamu yake inalindwa."

"Umeona?" Onen alisema, ametulia sasa. "Hajaniruka."

"Hajakuruka," Lamunu alisema.

Ndipo wote walipoelewa, mmoja baada ya mwingine: kama Oola hakuruka zamu, hakuwa kwenye gari. Onen alikuwa wa mwisho. Alikaa chini, akatazama mikono yake.

"Ungeweza kuchana huo ukurasa," Lamunu alimwambia Odyek.

"Kuna zamu za watu kumi na mmoja humo," Odyek alijibu, kana kwamba ameulizwa jambo la kijinga.

Lamunu alilichukua daftari, akampa Odyek risiti. Kidega alimfuata hadi barabarani. Zamani familia zao ziliishi kambi moja ya polisi. Baba yake Kidega alikuwa Mwislamu, mama yake Mkatoliki, na utotoni yeye alikula Idi na Krismasi nyumbani kwa Lamunu.

"Mama Abwola," alisema, akimwita Lamunu kwa jina la kule kambini, "mimi ni mtoto wako. Unajua baba aliniachia wadogo wangapi."

"Wanne," Lamunu alisema. "Utaandika maelezo leo. Ukitaka wakili, sema."

Walikwenda kituoni pamoja.

Ijumaa faili lilikwenda na jina la Kidega. La Oola liliwekwa kwenye shtaka jingine, la kuwadanganya polisi. Nangila alisomewa yote kitandani, akatia sahihi polepole, akauliza kama Kidega atarudi barabarani siku moja. Lamunu alisema siku moja inawezekana. Mahakama huondoa leseni kwa miaka, si milele.

Wiki mbili baadaye alipita nyuma ya soko. Odyek alikuwa kwenye kreti yake, mikono mitupu, bila daftari. Kwenye ukingo wa ukuta kulikuwa na vizibo vya soda vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na rangi ya mtu wake. Dereva alipotoka, mwenyekiti alitupa kizibo chake kwenye ndoo. Lamunu alivihesabu vilivyobaki. Vilikuwa saba. Jioni visingekuwapo.