Mstari wa Chini kwenye Gari la Bebb

Mgeni alikuwa chini ya gari tangu chai ya asubuhi, na kilichoonekana kwake ni viatu tu. Gwladys Bebb alisimama mlangoni mwa banda, mikono ndani ya mifuko ya aproni, akivitazama. Vilikuwa viatu vya mtu wa mjini aliyeambiwa kwamba anakwenda mashambani: vipya, vimefungwa kamba mpaka juu, na tayari vimekwisha kukanyaga mavi ya kondoo.

"Yu hai?" aliuliza Ifor, shemeji yake, akiingia na mvua mgongoni.

"Alikohoa sasa hivi."

"Basi bado tunaye."

Ifor ndiye aliyeleta balaa hili lote. Mwezi uliopita alilipiga picha gari la marehemu kaka yake na kuipeleka kwa chama cha watu wanaopenda magari ya zamani. Alifanya hivyo kwa nia njema. Magoti ya Gwladys yalikuwa yamekataa mlima, shamba lilikuwa limepata mwenyewe mpya, na huyo mwenyewe mpya alikwishasema kwamba banda litabomolewa kabla ya kiangazi. Gari lisipopata pa kwenda, litakwenda kwa wakata vyuma. Gwladys alikuwa akilifikiria hilo kila akipanda kitandani.

Viatu vilisogea. Bwana Desmond Hallam, mtu wa chama hicho, akatoka mvunguni, mwembamba, mwenye utando wa buibui kwenye miwani, anatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

"Bibi Bebb," alisema, "ile pete ya chuma kwenye dari, mumeo alikuwa akitundika nini?"

"Nyama ya nguruwe. Na ndizi, zilipopatikana."

"Na kile kisanduku cha chuma nyuma ya kiti cha dereva?"

"Hapo nilikaa mimi, miaka yote gari hili lilipokuwa duka letu la kutembeza. Ubaridi wake naukumbuka, ila sitakuonyesha ulipokuwa ukiingilia."

Ifor alicheka mpaka akashika ukuta. Mgeni naye akacheka, akiwa mwekundu masikioni. "Ulikalia winchi," alisema.

Watu wa magari haya wana ugonjwa mmoja: wakiliona gari hutazama kwanza pua yake, wakasoma jina la kiwanda, wakadhani wamemaliza. Lakini enzi zile kiwanda kiliuza fremu, injini na usukani tu. Mnunuzi aliichukua fremu yake akaipeleka kwa mafundi wa mabodi, maseremala na wafua bati, akawaambia anataka nini. Mmoja alitaka la kubebea mikate, mwingine la vitabu, mwingine la maiti. Kwa hiyo pua ingekuwa ile ile kwa magari elfu, na mwili usiwe na ndugu duniani. Hallam alikuwa mtu wa miili. Alianzia nyuma.

"Sakafu imezibwa kwa lami, ina mfereji wa kutoa maji," alieleza, akihesabia kwenye vidole vichafu. "Mlango wa nyuma una bawaba chini, unaanguka na kuwa daraja, tena daraja fupi mno, karibu bapa. Winchi mbele. Pete juu. Na kidirisha kile cha kutazama nyuma kutoka kwa dereva."

"Kwenye kidirisha niliweka mayai," alisema Gwladys.

"Kwamba lilibeba farasi tulijua," Ifor alidakia. "Mvua ikinyesha, sukari ilinuka zizi. Bibi Prosser wa kule juu alikuwa akisema kwamba akinywa chai ya sukari ya Bebb anajisikia kuruka ua."

"Farasi mzima hupanda gari mwenyewe," alisema Hallam. "Huyu hakuweza. Hili lilijengwa kwa ajili ya farasi aliyevunjika mguu kwenye mbio. Walimlaza kwenye mkeka, winchi ikamvuta polepole, wakampitishia mikanda tumboni na kumning'iniza kwenye pete ili mguu usiguse sakafu. Na mtunzaji wake alikaa pale mbele, akiongea naye kupitia kidirisha njia nzima. Ni ambulensi ya farasi, Bibi Bebb. Nimeitafuta nusu ya maisha yangu. Sijui kama kuna nyingine iliyobaki."

Gwladys alikitazama kile kidirisha. Miaka yote ile hakuwahi kukitazama kwa upande wa farasi.

Kulikuwa na makumbusho ya farasi kusini, Hallam alisema, yenye jumba zuri lisilovuja. Wangelichukua kesho. Ila mwaka uliotangulia walikuwa wamedanganywa: mtu alichukua gari la kawaida la kubebea farasi, akafunga pete darini, akawauzia kama ambulensi, nao wakachekwa magazetini. Sasa kamati yao haikubali pete wala winchi kama ushahidi. Inataka maandishi ya wenye gari wa kwanza, na maandishi hayo, kama yapo, yako katikati ya ubavu.

Wote watatu wakageuka kuutazama ubavu.

Ubavu wa pili ulikuwa umekatwa dirisha la kuuzia, bati lake lilikwishatupwa zamani. Ulibaki huu mmoja, wa kijani, na juu yake, kwa lugha ya watu wa bonde lile, maandishi ya mkono wa Tegwyn Bebb, marehemu mume wa Gwladys. Mstari wa juu jina lake, kwa herufi kubwa nyeupe. Mstari wa chini herufi ndogo, zimebanana mwishoni kama abiria waliochelewa.

Tegwyn hakufundishwa na mtu kuandika mabango. Herufi alizinakili kutoka kwenye mawe ya makaburi ya kanisani, kwa kuwa ndizo nzuri alizokuwa nazo karibu, na bonde zima lilimcheka: "Hapa amelala Bebb, alikuwa na jibini." Kila baada ya masika mawili aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ulimi nje, akazipitia upya. Gwladys alisimama nyuma yake na kopo la rangi, akimwambia ananyoosha pasipostahili.

Hallam alikwenda kona ya nyuma, chini, mahali pasipo maandishi, akalowesha msasa mwembamba na kusugua kwa kidole, mduara mdogo, taratibu. Kijani kikafifia, ikaja kijivu ya wakati wa vita. Ikafuata rangi ya maziwa, kisha buluu nzito, kisha nyekundu ya msingi, kisha bati jeupe. Duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa.

"Buluu ndiyo ya kwanza," alisema. "Maandishi yako juu ya buluu. Kuyafikia..."

"Kuyafikia lazima umtoe Tegwyn," alisema Gwladys.

"Ninaweza kuzinakili kwanza kwenye karatasi, Bibi Bebb. Baadaye mtu azichore upya, sawasawa kabisa."

"Zitakuwa herufi zake. Hazitakuwa mkono wake."

Ifor alitoka nje akajifanya anaangalia mvua. Gwladys alimpa mgeni mkate wa zabibu na siagi, kisha akaketi kwenye ngazi ya gari, akafikiri. Kama hapana, gari zima litakatwa vipande, na mkono wa Tegwyn ndani yake. Kama ndiyo, gari litapona bila mkono wa Tegwyn. Alijaribu kumsikia mumewe angesema nini, lakini yeye alikuwa mtu wa kusema "fanya unavyoona" kuhusu kila kitu, na hata akiwa kaburini hakubadilika.

Mkate ulipokwisha, aliinuka.

"Futa mstari wa chini," alisema. "Huo tu. Wa juu usiuguse."

"Shemeji!" Ifor alirudi ndani mbio. "Lakini huo ni..."

"Nyamaza, Ifor."

Hallam alishusha msasa. Kilugha cha bonde hakukijua. "Umeandikwa nini?"

Akamtazama Ifor, Ifor akatazama kofia yake.

"Umeandikwa 'na mkewe,'" Gwladys alisema hatimaye.

"Mke ni wewe?"

"Kama alikuwa na mwingine, sikuambiwa." Akavuta aproni yake ikakaa sawa. "Mimi bado nipo, Bwana Hallam. Aliyepo hana haja ya kuandikwa. Sugua, kabla giza halijaingia."

Akasugua. Ilikuwa kazi ya polepole, maji ya kijani yakichuruzika hadi kwenye gurudumu. Gwladys alijiona akiondoka, kwanza mkia wa herufi ya mwisho, kisha nyingine, na alishangaa kwamba hakuumia vile alivyotazamia. Kilichomfanya asogee karibu kilikuwa kitu kidogo zaidi: chini ya nyeupe ilitokea nyeupe nyingine, ya zamani, iliyokaa upande kidogo. Mwaka mmoja alimwambia Tegwyn kwamba mstari umepinda. Kumbe alimsikia, akaunyoosha, hakusema.

Ikaja kijivu. Ikaja ya maziwa. Kisha chini ya kidole cha Hallam kikamulika kitu cha manjano. Alipunguza mkono kabisa, kama anayemfuta mtoto uso. Ilikuwa dhahabu halisi, yenye kivuli chekundu ubavuni, neno moja zima la Kiingereza, maana yake *wagonjwa*.

"Nani ataandika hivyo kwenye gari la farasi wazima?" alinong'ona Hallam.

"Haya, tumeshinda!" Ifor alipiga makofi.

Mkono wa Hallam ulikuwa umekwishalowesha msasa tena. Haukumwomba ruhusa mwenyewe. Ulipanda juu, kuelekea mstari wa juu, kwenye jina. Gwladys alilichukua kopo la maji, akalimwaga lote sakafuni.

"Umeshajua," alisema.

"Kamati itataka jina lote."

"Na wewe unataka nini?"

Alivua miwani, akaifuta, ikazidi kuchafuka. "Mimi siku zote nimesema gari lirudishwe kama lilivyotoka kwa mafundi wake. Nimegombana na watu kwa hilo. Nimepoteza marafiki."

"Farasi lilibeba muda gani?"

"Miaka michache tu. Kisha vita."

"Na unga lilibeba mpaka Tegwyn anakufa. Sasa niambie, lilikuwa gari la nani?"

Hallam aliukunja msasa, akautia mfukoni.

Kamati ilikuja wiki ya pili, watu watatu wastaarabu. Walipiga magoti mbele ya neno lile, mmoja wao karibu alie. Kisha wakasema kwamba ni ambulensi bila shaka, wanaitaka, na rangi ya kijani itatoka yote, maana wageni wa makumbusho hawawezi kuonyeshwa duka. Gwladys akawaambia kwamba rangi haitatoka. Walibishana kwa adabu, wakanywa chai, wakaondoka bila gari. Hallam aliwafuata mpaka langoni akisema nao kwa mikono, akarudi ameloa chapachapa.

"Nina banda nyumbani," alisema. "Ndani kuna gari la mikate. Nimelitengeneza mwenyewe, ni zuri, lakini wenzake wapo wengi. Nitampa mtu, hili likae pale."

"Na Bebb?" aliuliza Gwladys.

"Bebb abaki alivyo. Na neno libaki wazi, pale pale."

"Mkeo atasemaje?" Ifor aliuliza.

"Sina mke. Nina magari."

"Ah. Ndiyo maana."

Julai, kwenye uwanja ambako watu wa chama huonyesha magari yao, Hallam aliliegesha mwishoni mwa mstari, kati ya gari la zimamoto na la maziwa. Wenzake wa zamani walipita, wakatazama ile kijani iliyochubuka, wakatikisa vichwa. Mmoja alimuuliza kama rangi ilimwishia. Gwladys, aliyeletwa na Ifor, alikaa kando kwenye kiti cha turubai, blanketi magotini, akila sandwichi ya yai.

Akaja mwanamume mwenye kofia ya majani, askrimu mkononi. Alilizunguka gari mara mbili. Alisoma neno la dhahabu, akajaribu kusoma herufi za makaburini, akachungulia rafu za ndani, akaitazama pete ya darini.

"Samahani," alimwambia Hallam, "hili ni gari la nini hasa?"

Hallam, ambaye angetambua mwili wa gari kwa bawaba moja iliyoshika kutu, akamgeukia Gwladys.

"Inategemea," alisema Gwladys, akijipangusa makombo. "Una njaa, au umevunjika mguu?"